Stata ya Gari la Mwalimu na Macho ya Bibi

Juzi nimewasha kigari changu pale Bariadi mjini, kikatoa krrraaa! Soko zima likageuka, na mbuzi mmoja, naapa, akalala chini kabisa. Badala ya kuona aibu nikacheka. Nilikuwa nimeisikia Migato, kijiji cha utoto wangu.

Unajua, ndugu yangu, kijijini kwetu gari dogo lilikuwa moja tu, kuukuu, la otomatiki, mali ya mwalimu mstaafu jirani yetu. Stata yake ilisikika mpaka kijiji jirani cha Lingeka. Leo inapiga kelele, kesho inanyamaza kama imeokoka. Kwa nini? Hatukujua.

Sasa madaktari wa macho wakaja Bariadi kwa siku moja tu, na bibi yangu alikuwa haoni hata kiganja chake. Asubuhi hiyo nyumba ilinukia michembe ya viazi vitamu na karanga, bibi kavaa kitenge kipya, kaketi kiti cha mbele cha gari la mwalimu, tayari kwa safari. Mwalimu akazungusha ufunguo: krrraaa! Akarudia: krrraaa!

Majirani wakaacha kuchuma pamba. "Mwangaluka!" wakatuamkia. Kila mmoja kaja na ugonjwa wake: huyu betri, yule mafuta machafu, mwingine kaapa kuna panya ndani. Wakaamua kulifanyia kile walichozoea kulifanyia lori la pamba: kulisukuma. Watu kama mia nne hivi, wanaimba, vumbi mpaka mbinguni, hadi kwenye lambo. Injini kimya.

"Mnasukuma maiti," akasema fundi wa mashine ya kusaga, kafika mweupe kwa unga. "Otomatiki haiwashwi kwa kusukuma."

"Wewe kasage mahindi, baba!" wakamjibu wasukumaji.

Bibi akaongea kutoka kitini. "Ng'wana wane, mwanangu, mimi sioni, lakini nasikia. Juzi lililia, jana halikulia. Lingekuwa bovu lote, lingelia kila siku. Hapo pabovu ni kasehemu tu."

Fundi akachukua spana kubwa, akaishika nati ya mbele ya injini, akaizungusha kidogo kama anageuza ugali. "Meno ya flaiwili, lile gurudumu linalozungushwa na stata, yamelika upande mmoja. Stata ikikutana na upande huo, inasaga hewa. Haya, mwalimu, washa."

Likawaka! Mimi nimesoma masomo ya jioni mpaka fizikia ikanikimbia, na bado sielewi bibi alijuaje.

Walifika Bariadi, bibi akawa wa mwisho kwenye foleni, akafanyiwa upasuaji wa macho. Alipofunguliwa bandeji alilizunguka lile gari polepole, analipapasa. "Ndiyo hili tu? Kwa kelele zile nilijua ni kubwa kama kiwanda cha pamba!"

Bibi hayupo tena, mwalimu hayupo, shamba lile la pamba limekatwa viwanja. Nikikwama sasa nabonyeza simu, fundi anakuja, anatengeneza, anaondoka. Hakuna anayeacha kazi yake aje anibunie ugonjwa usiokuwepo. Siku hizi nikikosea, nakosea peke yangu.