Maziwa ya Nyumba ya Pili

Wewe unayenisikiliza, kama hujawahi kugusa kompyuta usiondoke. Kosa ninalokusimulia ni la mtu aliyeelekezwa njia akapotea, na hilo linatupata sote.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye duka la intaneti Korogwe, miaka ile minada ya ng'ombe ilipokabidhiwa mawakala binafsi. Siku za mnada zilibadilika kila kukicha, hata wazee wakaacha kuamini kumbukumbu zao. Wakala mmoja aliweka ratiba kwenye tovuti. Nikaandika programu ndogo ya kuisoma na kuichapa, kisha nikawa napeleka karatasi kwa basi hadi Handeni, ibandikwe kwenye duka la dawa za mifugo.

Asubuhi moja ya Jumapili akaingia mama mfugaji kutoka upande wa Kang'ata, karatasi yangu mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hii imeandika Alhamisi. Jirani yangu anasema Jumanne. Nani mwongo?"

Lambo lao, bwawa la kunyweshea mifugo, lilikuwa limekauka. Ng'ombe wake wanane walikuwa na nguvu ya kutembea hadi mnadani mara moja tu. Wakikuta uwanja mtupu, wasingerudi wote.

Nikafungua ukurasa wa Handeni kwa mkono: Jumanne. Nikaendesha programu: Alhamisi. Nikarudia. Jumanne, Alhamisi. Nikasimama, nikaketi, nikaenda mlangoni, nikarudi.

"Kaa chini," akasema. "Unanichosha kuliko ng'ombe."

Nikamweleza, maana nikieleza ndipo huwa naona. Tovuti ina folda ya minada, na ndani yake folda ya Handeni. Ukurasa wa Handeni haukutaja anwani yote ya ratiba. Uliandika kwa kifupi tu "siku", yaani ile iliyo hapa nilipo. Programu ndiyo inayokamilisha.

"Hapa wapi?" akauliza.

"Hapo ukurasa ulipo."

"Ndani au langoni?"

Akacheka kidogo. "Kwetu mke wa kwanza hujenga kulia kwa lango. Mgeni mmoja aliambiwa hivyo akiwa ndani anatoka, akaja kuingia siku nyingine na kulia kwake kulekule, kumbe kwa anayeingia ni upande wa pili. Akanywa maziwa ya mke mwenzangu, akaja kunishukuru mimi, mke wa kwanza. Kwa kuwa maziwa alipata, angejuaje kwamba amepotea?"

Nikaketi, safari hii bila kuambiwa.

Kanuni ni hii: chukua anwani ya ukurasa, futa kila kilicho baada ya mkwaju wa mwisho, ule mstari uliolala upande, kisha ongeza ile fupi. Mimi nilianza na "minada/handeni", bila mkwaju mwishoni. Programu ikafuta "handeni", ikabaki langoni, ikachukua "minada/siku". Na ukurasa huo ulikuwepo: ratiba ya Korogwe. Maziwa yalipatikana. Nilipofungua kwa mkono, seva, kompyuta inayotunza tovuti, ilinisogeza kimyakimya hadi "minada/handeni/", na kivinjari, programu ya kufungulia kurasa, kikakumbuka kilipofikishwa. Programu yangu nayo ilisogezwa vilevile, lakini iliendelea kukumbuka ilikoanzia.

Nikairekebisha ihesabu kutoka ilipofikishwa. Ikachapa Jumanne.

"Ni Jumanne, mama. Karatasi ndiyo iliyokosea. Mimi ndiye niliyekosea."

Alikwisha simama. Jumanne ilikuwa keshokutwa, na mwendo wa ng'ombe waliokonda ni siku nzima na zaidi. Aliikunja karatasi mpya, akaifunga kwenye ncha ya shuka. "Ile nyingine bado iko ukutani," akasema. "Kuna wengine wanaoisoma."

Tukapanda basi moja. Njia nzima nilikuwa nahesabu vituo kama vile kuhesabu kungeongeza mwendo. Handeni niliibandua karatasi ile mwenyewe, yeye akakata njia ya Kang'ata bila kugeuka. Jumatano mwenye duka la dawa alinipigia: mama yule alipita kununua dawa ya kupe kwa wawili aliobaki nao. Sita waliuzwa.

Mpaka leo ukurasa ukifunguka bila hitilafu huwa situlii. Nawe ukikamilisha anwani fupi, anza na anwani uliyofikishwa, si uliyoanzia. Tazama kama ina mkwaju mwishoni. Kisha fungua ukurasa uliopatikana, usome kichwa chake kabla ya kumpa mtu yeyote.