Mama alikuwa anasema "naona"

Leo ndiyo nimejua mama yangu haoni kabisa. Na aliyenijulisha ni mtembeza wageni.

Daktari alishatuambia presha ya macho imekula sehemu kubwa ya uoni wake, kilichobaki kitaondoka taratibu. Mama akaomba jambo moja: aione ikulu ya zamani ya mtemi, kijijini alikozaliwa, kabla giza halijamfikia.

Basi jioni hii ndiyo tumetoka huko kijijini, Ngokolo. Nilimkodi dada anayeitwa Kabula, atutembeze sisi wawili tu.

"Mama, ile pale ndiyo nyumba ya ngoma," Kabula akaonyesha.

"Naiona. Nzuri kweli."

Mimi nyuma napiga picha. Nilivyofurahi jamani!

Kiti cha mtemi, anaona. Ukuta wa mawe, anaona.

Kisha Kabula akanivuta pembeni.

"Dada, samahani. Mama hatazami ninapoonyesha. Anageukia sauti yangu."

Nikafungua zile picha. Zote, mama amemwelekea Kabula.

Nyumbani anajua kila kona, ningejuaje?

Nikamshika mkono. "Mayu, mama yangu, tangu lini?"

"Wiki ya tatu sasa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeahirisha safari. Nami nilitaka upajue kwetu."

Nikasema turudi. Akakataa, akaketi juu ya jiwe.

"Endelea, Kabula mwanangu. Masikio yangu mazima."

Kabula akaeleza mpaka jua likazama. Mimi sikushika hata neno moja.

Sasa tuko sebuleni, mama ananiuliza picha zimetokaje.

Ninyi mngemjibu nini?