Nilimkatia Raya sentensi moja kwenye hadithi yake, na bado najuta

"Mwalimu, kitu kikiwa kweli, hakiwi tashibiha?"

Wakuu, habari zenu. Swali hilo niliulizwa na mtoto wa darasa la tano, mimi mwenye shahada. Naandika yaliyotokea kama yalivyotokea, sitajipendelea.

Nilikuwa najitolea kufundisha Kiswahili kwenye skuli moja Micheweni. Mimi ni Mpemba wa Ole. Kwetu ni karafuu na muhogo, mwani, ule mmea wa baharini wanaoulima Micheweni, nilikuwa nauona umeanikwa njiani tu.

Nilifundisha vipengele vya hadithi: wahusika, mandhari, tatizo, mwisho wake. Kisha tashibiha, yaani kufananisha kitu na kingine kwa "kama".

Nikapiga marufuku "mweupe kama theluji". Nani kaiona theluji Pemba? Mimi ndivyo nilivyo, hata nyumbani wananiita Bi Kwa Nini.

Siku ya wazazi ikakaribia. Watoto watatu wangesoma hadithi zao mbele ya watu. Ya Raya ilikuwa bora kuliko zote. Mhusika wake ni bibi yake aliyemlea, mkulima wa mwani. Ndani yake kulikuwa na sentensi hii:

"Zamani bibi alikuwa mzito kama mwani mbichi, sasa ni mwepesi kama mwani mkavu."

Nikaipiga mstari mwekundu. Halafu, mbele ya darasa zima, nikamuuliza: "Raya, bibi yako umempima lini?"

"Sijampima, mwalimu. Nambeba."

"Unambeba? Mgongoni, kama mtoto?"

Darasa likaangua kicheko. Mmoja akadakia, "Raya punda!"

Hapo ndipo Raya aliponiuliza lile swali. Nikalikwepa. Nikamwambia aandike "mwepesi kama unyoya".

"Unyoya haujapata kuwa mzito, mwalimu."

Wakuu, mtoto alikuwa ananifundisha kazi yangu. Mimi nikaona kiburi. Nikamwambia asipobadilisha, hasomi.

Hakubadilisha. Nafasi nikampa mwengine.

Wiki chache baadaye, siku ya wazazi imeshapita, nikamsimulia Bi Zuwena, mwalimu mwenzangu ambaye jioni hushughulika na mwani wake. Nilidhani atacheka.

"Wewe mtoto wa Ole, gunia la mwani mbichi umewahi kulitia kichwani?" akaniuliza. "Litakuvunja shingo. Lianike siku tatu, utalinyanyua kwa mkono mmoja. Na bibi yake Raya kapooza huu mwaka wa pili. Yule mtoto ndiye anayemtoa uani kila asubuhi."

Sentensi ilikuwa kweli tupu, na ilikuwa tashibiha bora kuliko zote nilizosoma chuo kikuu. Kufananisha si lazima kuwe kusema uongo mzuri. Mimi niliyejigamba kwamba nahoji kila kitu, sikujihoji mwenyewe hata dakika moja.

Nilimwomba Raya radhi. Akatazama chini, akasema, "Haidhuru, mwalimu."

Lakini ilidhuru. Tangu siku ile kila zoezi alinijazia majibu ya kitabuni. Mwepesi kama unyoya. Mweusi kama mkaa. Nami nikawa naweka vema, maana ningekosoa nini?

Nilichojifunza: kabla hujamsahihisha mtoto, muulize kakitoa wapi alichoandika, na muulize pembeni, si mbele ya wenzake. Walimu mliomo humu, nyinyi mngefanyaje? Na wewe uliyewahi kufutiwa sentensi yako, tuambie ilikuwa ipi. Hata wa kunisema aniseme tu, nimestahili.

Mwaka jana nilirudi Micheweni arusini, nikakaa na Bi Zuwena. Bibi yake Raya alikuwa keshafariki. Bi Zuwena akanieleza kitu ambacho wote pale skuli walikijua isipokuwa mimi.

Siku ile ya wazazi bibi alikuwepo. Raya hakuweza kumwambia kwamba ameondolewa, basi akambeba kutoka nyumbani, akamkalisha kwenye kibaraza cha darasa la kwanza. Bibi alikaa pale mpaka viti vikaanza kukusanywa, akiuliza kila anayepita: "Wangu keshasoma?"