Alhamisi za Mtu wa Mkoba

Mtaa mzima ulimwita Dokta, ingawa mwenyewe hakuchoka kusema kwamba yeye ni mfamasia tu. Duka lake la dawa lilikuwa pembeni ya barabara, limebanwa kati ya kinyozi na kibanda cha kutengeneza simu. Alilifungua na mkewe walipokuwa bado vijana, na kazi waligawana bila hata kukaa kikao: yeye alisoma vyeti vya daktari na kueleza watu namna ya kumeza dawa, mkewe akashika mfuko. Mkewe ndiye aliyejua kipi kinatoka haraka na kipi kitakaa rafuni kama mgeni asiyeaga. Wauzaji wa jumla walimwogopa. Akisema hapana, ilikuwa hapana.

Mkewe aliugua muda mfupi akafariki. Watu walipokwisha kutawanyika msibani, Dokta alirudi kufungua duka, maana hakuwa na pengine pa kwenda. Hawakujaliwa watoto. Wateja waliingia, wakataja dawa, wakapewa, wakatoka. Mgonjwa hana muda wa soga. Ana homa, au ana mtoto analia mgongoni. Ziko siku Dokta alifunga mlango jioni akagundua kwamba kutwa nzima amesema maneno yale yale: kimoja asubuhi, kimoja jioni, baada ya kula.

Aliyekuwa na muda ni mmoja tu. Alikuwa afisa mauzo wa kampuni moja ya dawa, bwana mnene mcheshi, aliyetembea na mkoba mkubwa mpaka watu wakambatiza jina hilo hilo, Mkoba. Alipita kila Alhamisi. Enzi za mke wa Dokta alikuwa akisimama mlangoni, anaagizwa vitu viwili vitatu, anatimuliwa. Sasa Dokta alimvutia kiti nyuma ya kaunta na kummiminia chai. Mkoba akasimulia habari za mama mkwe wake mkorofi, na gari lake linalozimika kwenye mataa kila akiwa na bosi. Dokta alicheka mpaka miwani ikaingia ukungu. Kisha Mkoba alipoanza kutazama saa, Dokta alisema upesi, "Hebu nitajie, una nini kipya?"

Basi Mkoba akakaa tena. Dokta akaagiza dawa ya kikohozi kwa maboksi, na vitamini za watoto, na matone ya macho ya bei mbaya ambayo hakuna daktari wa karibu aliyewahi kuyaandika.

"Yatatoka tu haya," Mkoba alisema.

"Yatatoka," Dokta aliitikia, akamwongezea chai.

Hayakutoka. Rafu zilijaa, stoo ikajaa, maboksi yakapanda mpaka yakaziba dirisha. Mpita njia angedhani duka limenawiri. Kumbe mtaji wote ulikuwa umelala ndani ya chupa zile, unangoja tarehe ya kuisha muda.

Asubuhi moja aliingia mwalimu mstaafu, mama aliyenunua dawa zake za presha pale tangu duka lilipofunguliwa.

"Dokta, nipe zangu."

Dokta aligeuka kwenye rafu, ingawa alijua hakuna kitu. Alikuwa bado anatafuta pesa za kuzileta.

"Zimeisha, mama. Pitia keshokutwa."

"Wiki iliyopita uliniambia hivyo hivyo." Mama alizungusha macho kwenye rafu zilizofurika. "Mwanangu, presha haijui keshokutwa. Acha nijaribu kule ng'ambo."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomchoma Dokta. Alimtazama akivuka barabara polepole, mpaka akaingia kwenye famasi mpya yenye taa nyingi.

Siku hiyo hiyo alimpigia simu shemeji yake, mdogo wa marehemu, mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi na ulimi mkali kuliko misumeno anayoiuza. Alikuja Jumamosi, akavua viatu, akapanda ngazi ya stoo na kuanza kusoma tarehe, boksi baada ya boksi.

"Shemeji," alisema hatimaye, "una dawa nyingi na huna dawa. Haya matone ya macho yote ya nini? Mtaa mzima tumepofuka bila kupewa taarifa?"

Dokta alicheka kidogo.

"Usicheke. Niambie kweli, ulikuwa unanunua kwa nini?"

Dokta alivua miwani, akaipangusa kwa pindo la koti. "Alikuwa anakaa," alisema. "Yule mtu wa mkoba. Nikiagiza, anakaa."

Shemeji alishuka ngazi. Aliketi juu ya boksi, akasema taratibu, "Dada angekufungia nje ya duka."

"Angenifungia," Dokta alikubali.

Wakafanya yaliyowezekana. Dawa zilizobakiza muda ziliuzwa kwa bei ya hasara kwa maduka mengine na zahanati. Zilizokwisha muda zilichukuliwa na maafisa wa afya zikateketezwe. Kuanzia hapo Dokta aliagiza kulingana na kilichouzwa, na dawa za presha na sukari zilinunuliwa kabla ya kitu kingine chochote. Stoo ilipobaki tupu waliipangisha kwa fundi cherehani.

Mkoba alipokuja, Dokta alimvutia kiti kama kawaida. "Leo sina oda," alimwambia mapema. "Lakini kaa."

Mkoba alikaa ukingoni mwa kiti. Chai aliifikisha nusu. "Dokta, unajua tena, tunapangiwa malengo kila mwezi."

"Najua."

"Nitapita siku nyingine."

Alimshika mkono kwa mikono yake miwili, na haikuwa danganya toto. Aliona haya kwelikweli. Lakini hakupita tena. Dokta alikuja kumwona ng'ambo, akiingia kwenye ile famasi yenye taa. Walipungiana mikono.

Duka likapona. Mwalimu mstaafu alirudi, na wengine waliopotea wakarudi mmoja mmoja. Mchana mmoja shemeji alipiga simu.

"Duka linaendeleaje?"

"Duka halijambo. Wauzaji wa jumla nimewalipa wote, na kimebaki."

"Na wewe?"

Nyuma ya ukuta cherehani ilikuwa inakwenda. Fundi alikuwa mtu mkimya. Akishasalimia asubuhi, imetoka hiyo.

"Mimi bado," alisema Dokta.

"Nilijua. Jumapili njoo ule kwangu, na sitaki visingizio."

Alikwenda, ila alichelewa. Alisimama kitambo mbele ya kabati, hajui mtu akialikwa huwa anavaa nini.