Roboti Iliyokwama Mchangani

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya reli, Tabora, Fundi Mkuu aliwasha mota ndogo ya feni, akaniambia niibane kwa kitambaa mpaka isimame. Mshale wa mita ya kupimia umeme ukaruka hadi mwisho.

"Umeona, binti? Ikizunguka inakunywa umeme kidogo. Ukiizuia inakunywa pipa zima. Hapo ndipo inapoungua."

Nilihamishiwa Kigoma, mwisho wa njia ambayo misafara ya zamani iliipita kwa miguu, kisha Mpanda, kisha nikarudishwa Tabora. Kote huko sikuunganisha mota kabla ya kuibana na kupima.

Mwaka jana, nikiwa mstaafu, Mwalimu Nyamizi alinijia nyumbani kwangu, mtaa wa Cheyo hapa Tabora. Yeye ni mlezi wa klabu ya roboti katika shule ya jirani. Kesho yake, mbele ya majaji, roboti yao ilitakiwa ivuke sinia la mchanga ikiwa na kopo la asali bila kuimwaga. Isipovuka, Mkuu wa Shule angekigeuza chumba cha klabu kuwa stoo ya madawati. Bodi mbili za kuendeshea mota zilikuwa zimeungua, imebaki moja.

"Shikamoo, mama. Fyuzi ilikatika kila mara, tukaweka uzi wa shaba mahali pake."

"Marahaba. Basi bodi mmeziua wenyewe."

Akacheka kwa aibu.

Tuliiunga mota na betri ya volti sita, tukabana gurudumu. Mita ikasoma ampea tatu. Bodi inavumilia mbili. Koili ya mota ilikuwa na ukinzani wa omu mbili tu, kwa hiyo nikakata waya wa jiko la umeme lililokufa, kipande cha omu mbili kwa kila mota, nikavifunga kwa konekta kati ya bodi na mota. Omu zikawa nne, mkondo ukashuka hadi ampea moja na nusu.

"Mama, si itatambaa kama kobe?"

"Majaji wanapima mbio au asali?"

"Asali."

"Iache itambae."

Kesho yake, katikati ya mchanga, roboti ilikwama. Magurudumu yakasimama kimya, wanafunzi wakaziba nyuso. Nilitazama bodi: hakuna moshi. Wakairudisha nyuma kidogo, wakaisogeza tena, ikapanda taratibu mpaka ukingoni, kopo limesimama wima.

Mkuu wa Shule alichovya kidole kwenye asali, akalamba. "Mwalimu, madawati tutayatafutia pengine."

Siku hizi kila Jumatano huwa nipo katika chumba hicho cha klabu. Mikono yangu inanuka moshi wa kuchomelea, wanafunzi wananibishia, na chai yao ina sukari nyingi. Sijawahi kuikataa.