Pini na Akaunti Zake Mbili

Ilitangazwa rasmi, kwa waraka wenye mhuri, kwamba kila mtumishi wa idara ya maji atatuma na kupokea barua pepe kwa akaunti ya ofisi peke yake, na kwamba akaunti nyingine yoyote iliyomo kwenye simu ya kazini ifutwe kabla ya Ijumaa, ili kulinda heshima ya idara.

Waraka haukutaja mtu. Haukuhitaji. Ghorofa nzima ilimgeukia Pini.

Pini alikuwa karani wa malalamiko, mwanamke mfupi aliyepewa jina hilo kwa kimo chake, na kwa sababu aliyemkalia vibaya alijua papo hapo. Simu yake ilikuwa na akaunti mbili. Ya kwanza ya ofisi. Ya pili ya wakazi wa mtaa wake, waliomchagua katibu kwa hoja moja tu: simu yake ndiyo pekee ambayo kioo hakijapasuka. Kwa akaunti ya pili alilalamika kwamba bomba la mtaa limekauka. Kwa ya kwanza alilipokea lalamiko hilo na kujibu, kwa niaba ya idara, kwamba linashughulikiwa. Alijiandikia hivyo mwaka mzima, kwa heshima kubwa pande zote mbili.

Kisha jioni moja mama mkwe wake akaingia jikoni na ndoo aliyoifuata mtaa wa tatu, akaitua, akashika kiuno. Pini akaandika lalamiko upya kwa hasira, safari hii kwa makao makuu, akabonyeza tuma bila kutazama mstari wa mtumaji. Simu, kama mtumishi yeyote mvivu, ikachukua akaunti iliyo karibu. Makao makuu yakapokea barua ya idara ikisema kwamba bomba ni kavu na idara inadanganya. Malalamiko ya wananchi yana foleni. La idara dhidi yake yenyewe halikuwa na foleni. Mafundi wakapangiwa Jumatatu.

Waraka ukatoka wiki hiyo hiyo, na meneja akamwita.

“Dada Pini,” alisema, kwa upole wa mtu anayetafuta fimbo, “waandikie kwamba barua ile ilitumwa kimakosa, mafundi wasije. Halafu ufute hiyo akaunti ya mtaani, yaishe.”

“Iliyokosewa ni anwani, bosi. Bomba ni kavu kweli.”

“Huwezi kulalamika wewe, ukajijibu wewe.”

“Mbona nimeweza.”

“Ijumaa ikipita hujafuta, huna kazi.”

“Basi barua ya kunifukuza itume kote kuwili, nisije nikaikosa.”

Meneja akatazama feni. “Una kichwa kigumu.”

“Ndicho kinachobeba ndoo.”

Ijumaa ikapita. Pini hakufuta kitu, wala hakuandika kwa makao makuu. Jumatatu alikuja kazini kama kawaida, mkoba begani, akakaa mezani pake akisubiri kufukuzwa. Mafundi walikuwa wameshaanza kuchimba mtaani kwake pale onyo la mwisho lilipotua kwenye simu za watumishi wote: waraka ule ule, neno kwa neno, na heshima ya idara imo.

Pini akalisoma mpaka chini, akajibu kwa akaunti ya wakazi: “Limepokelewa. Linashughulikiwa.”

Onyo lilikuwa limetoka kwenye akaunti ya Vifaranga Bora, mradi wa kuku wa meneja. Chini yake, mahali pa saini, simu yake meneja ilikuwa imeongeza maneno iliyoyazoea: vifaranga wa siku moja wapo, karibuni.