Tangazo la Elifuraha Ambalo Hatukulielewa

Ndugu zangu, kwa masikitiko makubwa natangaza: kifuniko cha chupa ya chai ya Elifuraha, kilichopotea tangu masika, kimepatikana. Kilikuwa kwenye begi langu.

Siamini bado kwamba mwenye chupa tumemzika juzi, kwao Kikatiti.

Mnaonifuata humu mtandaoni kwa sababu ya utani, jueni mwingi nilimwibia yeye. Tulifungasha waridi pamoja miaka mingi, shambani Usa River. Kila saa ya chai alipanda juu ya kreti na kutangaza upuuzi kwa sauti ya msibani.

"Wafiwa, tulieni. Mwenzetu Bonge leo ameshindwa kufunga ovaroli. Tumwombee."

Bonge ni mimi. Na kweli ilikuwa haifungi.

Mwiba wa waridi ulimchoma mguuni. Sisi tunachomwa kila siku, nani anajali mwiba? Mguu ukavimba, homa ikapanda, akalazwa. Akawekewa antibayotiki kwa dripu. Halafu, ghafla tu, figo zikagoma.

Jumapili tukaenda kumwona, shifti nzima, na ndoo ya loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa mgando, chakula alichokipenda kuliko mshahara. Akatukazia macho, mikono ikimrukaruka, akatangaza: "Maua yote yavae viatu. Ndege haingoji."

Tukacheka hadi nesi akachungulia.

Akamgeukia mkewe. "Shikamoo mama."

Jamani! Wodi nzima iliangua kicheko. "Huyu kapona," nikasema. Mimi, daktari bingwa wa kitambi.

Mama Neema, mkewe, hakucheka. "Shemeji, huyu hatanii. Hanijui."

"Aa, shemeji, leo ndiyo umejua mumeo ana utani?"

"Namjua. Ndiyo maana nasema."

Akatoka kumtafuta daktari. Daktari akamwuliza Elifuraha jina lake, akalikosa. Tukaishusha sakafuni ndoo ya loshoro.

Tukaelezwa: dawa ile hutoka kwa mkojo. Figo zikisimama ghafla, inabaki mwilini na kujaa, mwishowe inavuruga akili. Wakambadilishia dawa, wakamweka kwenye mashine ya kusafisha damu. Taratibu akarudi. Siku aliyonitambua alisema, "Bonge, kifuniko changu." Nikaapa sina.

Msibani nimesikia mengi. Mara karogwa, mara sindano imemmaliza. Ukweli ni huu: maambukizi yalishaingia kwenye damu, nayo ndiyo yalimshinda. Dawa msiziache wenyewe. Ila mgonjwa wenu akianza kuongea visivyo, mwiteni daktari, hata kama mgonjwa ni mchekeshaji. Hasa akiwa mchekeshaji.

Labda kumwita daktari mapema kusingebadilisha kitu. Lakini ile Jumapili rafiki yangu alikuwa amepotea ndani ya kichwa chake mwenyewe, na sisi tulimpigia makofi.

Kifuniko nimemkabidhi Mama Neema.

Usingizi mwema, Baba Neema. Siku ukipanda tena kwenye kreti, tutakusikiliza kwanza, ndipo tucheke.